Shingo ya Gitaa la Malale

Kwa wale ambao wiki jana gazeti liliwapita, au lilifungiwa maandazi kabla hamjalisoma, nawaambia kwa kifupi nilipofikia.

Mimi ni Anicet, fundi seremala wa Katumba, makazi ya wakimbizi. Karakana yangu iliungua na vifaa vyote. Nikaomba kibali cha kutoka makazini nije Mpanda mjini nifanye vibarua, nipate tena randa na misumeno. Kibali kikaisha muda wake, mimi bado nipo mjini. Huku nyuma mke wangu Annonciata akajifungua mtoto wa kiume, na kwetu mtoto hapewi jina mpaka baba yake afike. Kwa hiyo mwanangu yupo duniani hana jina, ananisubiri mimi.

Na mimi huku ninayo mawili. Kaka Telesphor, aliyenipokea kwenye karakana yake karibu na stesheni, amewaambia watu kuwa naitwa Nathanael, Mfipa wa Sumbawanga.

"Ukiulizwa, wewe Mfipa," aliniambia siku ya kwanza. "Na usiongee sana. Kiswahili chako kinanuka Katumba."

Nikanyamaza. Mwaka ule wa tisini na saba nani angetaka kuongea? Kule walikotoka wazazi wetu kulikuwa na vita, na sisi tuliozaliwa huku bado tulikuwa watu wa kibali. Tulikuwa tunasikia habari za watu waliokutwa mjini bila karatasi wakapakiwa kwenye lori, na wake zao wakabaki wanaulizana lori limeelekea wapi. Sikuwahi kuliona lori lenyewe, lakini nilikuwa naliota.

Sasa ndipo Malale alipoleta gitaa.

Malale ni Msukuma. Alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, akafika Majimoto, wenzake wakalima mpunga, yeye akanunua vyombo vya muziki. Ana mikono ya kukamulia ng'ombe, na hasira ya ng'ombe dume. Fundi redio mmoja aliwahi kumharibia spika. Malale alimbeba pamoja na baiskeli yake, akawatupa wote wawili mtaroni. Watu wa sokoni wanasimulia mpaka leo, na kila anayesimulia anaongeza kidogo.

Gitaa lenyewe lilikuwa jekundu, la umeme, la kupigia solo. Lilikuwa limechoka. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo yake vilikuwa vimelika mpaka vikafanya vishimo chini ya nyuzi. Malale alikuwa anaviita reli, na mimi nikaviita hivyo hivyo.

"Reli zimeisha hizi," alisema. "Ng'oa zote, weka mpya. Waya wake huu hapa, ndugu yangu kauleta kutoka Dar. Halafu unichimbie."

"Nikuchimbie nini?"

"Shingo! Katikati ya reli na reli, chimba bonde. Nimeona jamaa mmoja Tabora, shingo ya gitaa lake imechimbwa kama shamba la tumbaku, tuta na bonde, tuta na bonde. Ukibonyeza uzi haugusi mbao. Unaning'inia. Ukiutikisa unalia, ng'wanawane, mwanangu! Unalia mpaka unamkumbuka marehemu bibi yako."

"Nichimbe yote?"

"Yote ya nini? Chimba huku juu tu. Chini usiguse hata kwa msasa. Jumamosi nina kazi Majimoto, ukumbi mpya, na wale wapinzani wangu wanakuja. Nalifuata Ijumaa mchana."

Alisema hayo akiwa ameinama anafunga kamba ya baiskeli. Gitaa hata halikuwa mikononi mwake. Lilikuwa kwenye msumari ukutani, pale Telesphor alipolitundika, kichwa juu, tumbo chini.

Nami nikalitazama pale ukutani nikaitikia, "Juu. Nimeelewa."

Wasomaji wangu, kama kuna neno ambalo ningependa kulirudisha kinywani nilimeze, ni hilo nimeelewa.

Sitaki kujisifu, lakini kazi niliifanya kwa moyo wote. Nilipasha chuma nikakipitisha juu ya reli kuukuu, moja moja, mpaka gundi ikalegea. Nikazing'oa kwa koleo niliyoisugua mdomo ukawa bapa, ili isiinue hata unyuzi wa mbao. Nikakata waya mpya, nikaupinda kidogo, nikaugonga kwa nyundo ya mbao ukazama kwenye mifereji yake. Ncha nikazilaza kwa tupa mpaka ukipitisha kiganja hakikwaruzwi.

Kisha nikazifunika reli kwa plasta zisiumie, nikaanza kuchimba. Tupa ya mviringo kwanza, halafu msasa niliouzungusha kwenye kipande cha mpini wa jembe. Nikichimba, napuliza vumbi, napima kwa ukucha. Ndani ya shingo ile kuna chuma kirefu kinachoizuia isipinde, na nilikuwa naogopa kukifikia. Kila bonde nililolimaliza nilimshukuru Mungu.

Nilianzia kwenye kichwa, penye vile vifungo vya kukazia nyuzi, nikashuka mpaka katikati ya shingo, nikaishia hapo. Juu nilichimba. Chini sikugusa.

Ijumaa asubuhi nikaweka nyuzi. Nikalitundika. Nikakaa mbali nikilitazama na chai mkononi, nikajiambia, Anicet, Malale akilipa leo, kesho uko kwa Annonciata, unamshika mwanao.

Hapo akaingia Dada Pudensiana, mke wa Telesphor, na sufuria la viazi.

Pudensiana anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Akianza kuimba, hata wanaosinzia viti vya nyuma wanaamka. Aliweka sufuria, akaegemea ukuta, akaanza kulipapasa gitaa kama mtu anayepapasa kitenge dukani.

"Umechimba kweli," alisema. "Na pamenyooka. Lakini mbona umechimba upande huu?"

"Alisema nichimbe juu, Dada."

"Juu ya wapi?"

"Juu. Si hapo kwenye kichwa?"

 Alibonyeza uzi mmoja karibu na kichwa akaudonoa. Ukatoa sauti nene. Akasogeza kidole kuelekea tumboni, akadonoa tena. Sauti ikawa nyembamba zaidi. Akasogeza tena. Nyembamba zaidi, kama yake ya Jumapili.

Akageuka kunitazama.

"Anicet," alisema.

Mle karakanani, mchana, mlango ukiwa wazi, hakuwahi kuniita hivyo. Nikajua mambo yameharibika hata kabla sijajua ni mambo gani.

"Wanamuziki wakisema juu hawasemi kichwa. Wanasema sauti. Za juu ziko huku tumboni. Hii uliyochimba wewe ndiyo chini yenyewe. Ndiyo aliyokuambia usiguse!"

Akaanza kucheka. Akacheka kidogo tu, kisha akakumbuka ni gitaa la nani, akanyamaza.

Viazi sikuvila. Nikakaa kwenye magogo. Nilimwona fundi redio na baiskeli yake wakiruka hewani. Nikaona zaidi ya hapo: Malale ananikamata ukosi, ananipeleka kituoni, mtu wa kaunta anauliza jina, anauliza kijiji, anauliza karatasi. Na baada ya kaunta niliona lori.

Telesphor alipoingia akaelezwa. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Unaweza kuyafukia?"

"Naweza kuyajaza unga wa mbao na gundi. Lakini itaonekana. Na msuguo wa uzi wa kwanza tu, inabanduka."

"Basi kimbia."

"Sawa."

"Hapana, ngoja. Ukikimbia atanishika mimi. Usikimbie."

"Kaka, kwa hiyo nifanyeje?"

"Jaza! Jaza hiyo gundi! Umekaa tu unaniangalia!"

Nikashusha gitaa, nikaanza kulegeza nyuzi. Kwa haraka nikaligonga kopo la gundi kwa kiwiko, likaanguka, likamwagika miguuni kwangu. Nikapiga magoti kuzoa gundi kwa vibao. Nilikuwa nazoa na kuomba kwa pamoja, maneno ya sala yamechanganyika na ya gundi.

Nje ikalia kengele ya baiskeli.

"Hodi humu! Nyie mafundi mpo?"

Malale. Kawahi. Na hakuwa peke yake.

Aliyemfuata alikuwa mtu mfupi, mpole wa uso, amevaa shati la maua na suruali ya kaki. Ile kaki niliijua. Viatu vile vyeusi vilivyong'aa nilivijua zaidi.

"Huyu Stanslaus," Malale alisema, akiweka redio kaseti yake kubwa juu ya benchi. "Ananipigia besi siku ambazo hana zamu. Nyie mtamwita afande. Kahamishiwa hapa juzi juzi. Miaka yote alikuwa kituo cha Katumba."

"Karibu, afande," Telesphor alisema kwa sauti ambayo sikuijua.

"Ahsante, mzee. Na huyu ndiye fundi?"

"Ndiye. Nathanael. Mfipa wa Sumbawanga huyu. Haongei sana. Ndivyo alivyo. Hata kwao haongei."

Niliinamisha kichwa kusalimia. Gundi ilikuwa imeanza kukaza, kiatu changu kimoja kimeshika sakafu. Hata ningetaka kukimbia ningekimbia na kimoja.

Malale alikuwa ameshalikamata gitaa. Alilitazama. Akapitisha dole gumba shingoni, kutoka kichwani kuja katikati, bonde baada ya bonde. Akapita katikati. Huko hakukuta bonde.

 Wapiga nyundo wa jirani walinyamaza, au ni masikio yangu ndiyo yaliyokufa.

"Nathanael."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilisemaje?"

 Stanslaus akavuta kigoda akakaa. Alikiweka karibu kabisa na mlango.

"Nauliza, nilisemaje? Si nilisema juu?"

"Ni mtindo wa siku hizi, Malale," Telesphor alisema, akaanza kukohoa.

"Mtindo wa wapi?"

Telesphor aliendelea kukohoa.

Malale alichomeka waya kwenye redio kaseti, akakaza nyuzi nilizokuwa nimezilegeza. Alikaza kwa hasira, na mimi nilisikia kila kifungo kinavyozunguka. Kisha akashika nyuzi kwa ile mikono yake, akabonyeza kama siku zote, akapiga.

Ilitoka sauti mbaya, jamani. Kila uzi ulikuwa umepanda kwa namna yake, hakuna uliosikilizana na mwenzake. Ilikuwa kama mbuzi kakanyagwa na mwenzake anamsaidia kulia.

Malale akapiga tena. Ikawa vile vile. Akaliweka gitaa mapajani polepole sana, na huo upole ndio ulionitisha kuliko kelele zote.

"Stanslaus," alisema bila kuniondolea macho. "Mtu akiharibu mali ya mwenzake kwa makusudi, kwenu inakuwaje?"

"Inategemea," Stanslaus alisema. "Kwanza tunamwandikisha. Jina, anakotoka."

 Nilimwona Annonciata amekaa mlangoni na mtoto asiye na jina, anaangalia barabara ya Mpanda. Nikatamani hata nitupwe mtaroni. Mtaroni hawaulizi karatasi.

Ni Pudensiana aliyeniokoa. Yule mwanamke haogopi mtu.

"Baba Nyanzala," alimwambia Malale, "hivi hapo unapiga gitaa au unakamua ng'ombe?"

"Shemeji, usinichekeshe, nimekasirika."

"Kasirika, lakini legeza vidole. Mbao imeondoka hapo chini. Ukikandamiza, uzi unazama kwenye shimo, sauti inapinda. Gusa tu. Gusa kama unamgusa mtoto aliyelala."

Malale aligeuka amjibu. Akaghairi. Akaweka kidole kimoja kwenye uzi mmoja mnene, juu ya bonde langu la tatu au la nne, akaugusa. Akaudonoa. Kisha akakitikisa kile kidole taratibu.

Sauti ilitoka nene, ya kifuani, halafu ikaanza kulia. Haikulia ule wembamba wa kelele ambao wapiga solo wote wanautafuta. Ililia kama mtu mzima anavyolia akiwa hataki watu wasikie. Ilikaa pale hewani, ikapanda kidogo, ikashuka, ikaisha yenyewe.

Malale alifumba macho. Akaugusa uzi mwingine. Akashuka, akapanda, akarudi. Telesphor aliacha kukohoa.

"Ng'wanawane," Malale alisema. Alirudia hilo neno moja mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Akafumbua macho. Nikaona yamelowa.

"Miaka yote hii nautafuta huu mlio juu," alisema. "Kumbe ulikuwa huku chini! Huku kwenye sauti nene ambako hakuna mtu anayechimba! Stanslaus, umesikia? Kesho Majimoto wale jamaa watafunga vyombo vyao waende nyumbani!"

Alinishika mabega akaniinua, kiatu kikabaki kwenye gundi. Safari hii hakunitupa. Alinikumbatia. Nilinusa tumbaku na maziwa mgando ya shati lake, nikasikia mifupa yangu ikisogea, nikaanza kucheka. Nilicheka kwa ile hofu yote iliyokuwa imejazana tumboni na sasa imepata mlango. Telesphor naye alicheka. Pudensiana akapiga kigelegele.

"Niambie ukweli, fundi," Malale alisema akinitikisa. "Nani alikufundisha? Ulijuaje?"

Na mimi, ambaye wiki nzima sikuwa nimeongea na mteja zaidi ya maneno mawili matatu, ambaye nilikuwa nimeng'ata ulimi mpaka una alama za meno, nikafungua kinywa. Furaha ndiyo iliyonifungua. Hofu isingeweza.

"Sikujua, mzee! Nilikosea! Uliposema juu mimi nikadhani ni hejuru, kule kwenye kichwa!"

Malale aliangua kicheko akarudi kwenye gitaa lake. Kwake lile neno lilipita tu.

Hejuru. Ndivyo mama yangu anavyosema juu. Hakuna Mfipa hata mmoja, wa Sumbawanga wala wa wapi, anayesema hivyo.

Nililisikia likishatoka. Nikamwangalia Telesphor. Alikuwa ameacha kucheka.

Stanslaus aliinuka kwenye kigoda chake. Alikuja taratibu, akainama pembeni ya Malale aliyekuwa anapiga amefumba macho, akaitazama shingo ya gitaa kwa karibu. Akagusa ncha za reli kwa kidole.

"Kazi safi," alisema. "Haikwaruzi hata kidogo. Wengi wanasahau hapa."

Niliitikia kwa kichwa. Nikaanza kuamini kuwa hakusikia. Nikashusha pumzi.

Hakuinua uso. Kwa sauti ile ile, kana kwamba anaendelea kusifia reli, akasema:

"Witwa nde?"

Jina lako nani. Kwa lugha ya mama yangu, na kwa matamshi safi ya mtu aliyekaa nasi miaka mingi. Tangu nijue kusema nimeulizwa hivyo na wazee, na mapadri, na watoto wenzangu kisimani, na mdomo wangu una jibu moja tu. Haukunisubiri nifikiri.

"Anicet."

Gitaa likanyamaza.

"Anicet nani?" Malale aliuliza, akitutazama mmoja mmoja. "Si mmesema huyu anaitwa Nathanael?"

 Pudensiana aliweka mkono mdomoni. Telesphor alivua kofia, na safari hii hakuivaa tena.

Stanslaus alikwenda mlangoni. Alichungulia nje upande wa stesheni, akachungulia upande wa pili. Kisha akaufunga mlango, yeye akiwa ndani, akasukuma komeo.

"Anicet," alisema, akakisogeza kile kigoda kwa mguu mpaka mbele yangu. "Kaa chini."

Chini hiyo niliielewa bila kuuliza. (Itaendelea wiki ijayo.)